Wimbo Wenye Pengo

Shamba letu kule juu ya Mitaboni lina tuta moja lililopinda. Matuta mengine yote yanafuata ubavu wa kilima kwa adabu, moja chini ya jingine, mpaka kwenye kijito. Hilo moja likifika katikati linaingia ndani ghafla, linazunguka mahali pasipo na kitu, kisha linarudi kwenye mstari wake na kuendelea na safari kana kwamba halikufanya lolote. Wapita njia walimtania baba miaka mingi. Walisema siku ile alipima akiwa amelewa, na baba hajawahi kuonja pombe. Bwana shamba alipokuja na kamba yake na vigingi akauliza sababu, baba alimjibu kwamba pale pana mwamba, jembe haliingii. Bwana shamba akatazama, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Siku tuta hilo lilipochimbwa naikumbuka, ingawa nilikuwa mtoto wa kushika sketi. Wanawake wa kijiji walikuwa na mwethya wao, kikundi cha kuchimbiana mashamba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Desturi ilikuwa kwamba mwenye zamu hagusi jembe. Kazi yake ni kupika, na akipika vibaya atasikia. Mama ndiye aliyekuwa akiwaimbisha wenzake katika mashamba ya watu. Sauti yake ilikuwa nyembamba na kavu, ikipanda haitetemeki, na majembe thelathini yalikuwa yakiinuka na kushuka kwa amri yake. Lakini siku ya zamu yetu alikuwa jikoni na sufuria kubwa ya muthokoi, mahindi yaliyotwangwa na maharagwe, chakula kisichotaka kuachwa peke yake.

Asubuhi hiyo baba aliingia jikoni, mahali ambapo sikuwa nimemwona akiingia, akamwambia mama atoke akaimbe.

"Na muthokoi?" mama akauliza.

"Utajipika."

Wanawake walicheka sana. Tangu lini mwanamume akaacha chakula kwa ajili ya wimbo? Mama alitoka akifuta mikono, akanung'unika, akasimama pale baba alipomwonyesha, juu kidogo ya pindo la tuta, na akaimba mpaka pakamalizika. Muthokoi uliungua. Harufu ya moshi ilitufuata mpaka shambani. Waliula hivyo hivyo, kwa sababu njaa haina macho, lakini kwa miaka kila mama alipokaribisha wageni palikuwa na mtu wa kuuliza kama leo ni muthokoi wa kawaida au ule wa moshi.

Nimeanza na hayo kwa sababu nilikaa nayo miaka zaidi ya ishirini bila kujua nimebeba nini.

Mwaka ule wa mvua kubwa, ile iliyoitwa El Niño hata na nyanya zetu wasiojua kusoma, presha ilimwangusha mama. Mvua yenyewe ilikuwa bado haijaanza. Alikuwa anatayarisha shamba. Alipoletwa nyumbani kutoka hospitali, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi na maneno yote yalikuwa yamemtoka. Lilibaki moja tu, "na". Ukimsalimia, "na." Ukimuuliza kama anaumwa, "na, na." Na kila siku, akishawekwa kwenye kiti karibu na dirisha, aliinua mkono wa kushoto akaelekeza nje, shambani, akasema, "Na, na, na," huku machozi ya hasira yakimlenga. Kwetu kuonyesha kwa mkono wa kushoto ni utovu wa heshima, na mama alikuwa ametuchapa kwa hilo. Sasa hakuwa na mkono mwingine.

Alikuwa na kitu kimoja anachotaka kutuambia. Hilo lilikuwa wazi hata kwa kuku. Tulimletea jembe, akafumba macho. Tulimletea mbuzi mpaka mlangoni, tukamletea mahindi, tukamletea Biblia. Akifumba macho ujue umekosa. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Konza, mahali penye upepo na ng'ombe wa matajiri, na kila Ijumaa nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba wiki hii nitalipata hilo neno. Kila Jumapili niliondoka nikiwa nimeshindwa. Niliogopa kwamba atakufa nalo. Siwezi kusema kwa upole zaidi ya hapo.

Hospitalini palikuwa na msichana kutoka upande wa Busia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye wagonjwa wote walimwita daktari na yeye alichoka kuwasahihisha. Alikuwa anamnyoosha mama mguu siku niliyompeleka, nami kwa mazoea ya kazi nikawa napigapiga meza kwa vidole, maana nilikuwa nafundisha kwaya ya shule. Akanitazama.

"Mwalimu, mama yako alikuwa anaimba?"

Nikacheka. Nikamwambia aulize kama samaki alikuwa anaogelea.

Alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelisikia. Alisema maneno ya kuongea na maneno ya kuimba hayakai chumba kimoja kichwani. Chumba cha kuongea cha mama kilikuwa kimeingia maji. Cha kuimba pengine kilikuwa kimebaki kikavu, na kama tungeupata mlango wake, maneno yangeweza kutokea huko. Alikuwa amefundishwa namna ya kufanya: unashika mkono ulio mzima, unaugonga taratibu kwa kila silabi, mnaimba pamoja sentensi fupi, kisha wewe unapunguza sauti mpaka mgonjwa abaki peke yake. Hakuahidi chochote. Nilimpenda kwa hilo.

Nikaenda kutangaza kwa akina mama wa kanisa. Wakaja nyumbani Jumamosi wote, na vitambaa vyao vya kichwani, na sauti ya kwanza na ya pili, na mama mmoja mnene anayeimba besi kuliko wanaume. Waliimba mpaka mabati yakatikisika. Beti zote. Mama alikaa katikati yao akilia kwa jicho moja, na mdomo wake haukutoa kitu zaidi ya "na". Walipoondoka walisema wamebarikiwa. Mimi nilitaka kumrushia mtu kikombe.

Nilipomsimulia yule msichana, alisema, "Mlimwimbia. Mimi sikusema mumwimbie. Nilisema aimbe yeye."

"Sasa ataimba nini, na hawezi kuchagua wimbo?"

"Muachieni nafasi atachagua."

Akanikalisha mbele ya mama, akamshika mama mkono wa kushoto, akaniambia niimbe noti moja tu, ya chini, bila maneno. Noti moja, na ninyamaze. Kwa mwalimu wa kwaya hiyo ni adhabu. Nilitoa, nikanyamaza. Nikatoa tena. Nje kulikuwa na watu wakigombania foleni ya dawa. Nikatoa tena, na safari hii mama akaipokea.

Aliichukua ile noti, akaishusha kidogo, akaipandisha, na maneno yakaja. Yalikuja kwa Kikamba kilichonyooka, ulimi ukiwa umefunguka kana kwamba haukuwahi kufungwa. Nayaandika kwa Kiswahili:

*Kuku wamelala, mbuzi wamelala…*

Akasita. Mdomo ulikuwa wazi, pumzi ipo, mkono wake mkononi mwa msichana unaendelea kupiga mapigo, lakini sauti haikutoka. Lilikuwa pengo la urefu wa neno moja. Kisha akamalizia:

*…bado yu macho.*

Na akaishia hapo, akaanza upya. Kuku, mbuzi, pengo, bado yu macho.

Yule msichana alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. Mimi sikufurahi. Niliogopa. Ile sauti haikuwa ya mwanamke wa miaka sitini niliyempeleka pale asubuhi. Ilikuwa sauti ya msichana, mama mdogo mwenye mtoto wa kwanza kifuani, na ilikuwa inambembeleza mtu aliyekuwa pale chumbani. Niligeuka kuangalia nyuma yangu.

"Huu ni wimbo gani?" msichana akauliza.

"Siujui."

Na hilo ndilo lililonitia baridi. Mimi ndiye mkubwa kwetu. Wadogo zangu watano nimewabeba mgongoni mmoja baada ya mwingine, na nyimbo zote ambazo mama aliwalaza nazo nazijua, hata zile za kutunga alizozitunga akiwa amechoka. Huo sikuwa nimeusikia hata mara moja.

Jioni ile nilimkuta baba uani akitia mpini kwenye jembe. Nikamwambia, "Nau, mwaitu ameimba leo." Baba yangu, mama ameimba. Akainua kichwa, nikaona furaha inamjia usoni. Nikamwimbia ule wimbo, na pengo lake. Furaha ikakatika. Aliliweka jembe chini polepole, akasema anakwenda kuangalia kama maji yamebomoa matuta. Hapakuwa na mvua siku hiyo.

Aliyenieleza ni shangazi, dada yake baba, aliyeolewa ng'ambo ya kijito na ambaye hajui kuficha kitu akiwa anachambua mboga.

"Huo ni wa yule mtoto," alisema. "Kwani hujui ulikuwa na kaka?"

Nilijua, kwa namna mtu anavyojua kwamba kuna bahari. Nilijua palikuwa na mtoto kabla yangu, hakukaa. Niliitwa kifungua mimba na sikuwa. Baba alimwita mama kwa jina langu, Mama Fulani, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita wake zao kwa jina la mtoto wa kwanza, nami nilikua nikitembea na cheo hicho bila kuuliza kilitoka wapi. Shangazi alinieleza kwamba mtoto alikuwa ameanza kusimama kwa kushika viti. Surua ikaingia. Mama naye akaugua homa, wakalazwa wote wawili, na mtoto akafa mama akiwa hajitambui. Baba alimleta mtoto nyumbani peke yake, akamzika na wanaume watatu. Wazee wakamwambia asimwonyeshe mama mahali. Walisema mwanamke akipajua ataenda kukaa pale, na tumbo lake litabaki likitazama nyuma, hatazaa tena. Angoje azae mwingine, ndipo amwonyeshe.

"Kisha nikazaliwa mimi," nikasema.

"Kisha ukazaliwa wewe. Na baba yako akashindwa aanzie wapi. Siku zikaenda."

"Na mama hakuuliza?"

Shangazi alinitazama kama anayetazama mtu asiye na mume, na kweli sikuwa naye. "Mwanamke haulizi alichofichwa, mwana. Anangoja aambiwe. Na mwanamume anangoja aulizwe." Akatupa bua la sukuma wiki kando. "Lile pengo ni mahali pa jina la mtoto. Hakulitaja tena tangu siku aliyoamka hospitalini."

Nilirudi nyumbani nikimwonea mama huruma. Miaka yote ile alikuwa amelima shamba lile kutoka juu mpaka chini, akapanda na kuvuna, na kila alipoinua jembe hakujua kama anaweza kuwa amesimama juu ya mtoto wake. Ni nani anayelima hivyo?

Msichana wa Busia hakuwa na habari na hayo yote. Yeye aliona pengo akafurahi, maana pengo ni mahali pa kutia kitu. Alinifundisha: imba pamoja naye mpaka kwenye pengo, kisha tia neno analolihitaji. Anza na kitu kidogo. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini sisi tulianza na uji wenyewe. Kuku wamelala, mbuzi wamelala, uji. Nilimgonga mkono, nikalitia neno, nikalitia tena, nikanyamaza. Siku moja, mbele ya kikombe kinachotoa mvuke, mama alifika kwenye pengo akasema, kwa sauti ile ya ujana, "uji".

Nilikimbia mpaka kwa majirani. Nililia njiani kama mtoto aliyetumwa akapotea.

Baada ya uji yakaja maji. Yakaja blanketi, na jua akitaka kutolewa nje, na choo. Kila kitu alikiomba kwa wimbo huo huo, na likizo ya Desemba ilipoanza, nikakaa nyumbani moja kwa moja, ndipo nilipojua maana ya kuishi nao. Ningekuwa jikoni napepeta mchele, na kutoka chumba cha mama nisikie kuku wamelala, mbuzi wamelala, maji, bado yu macho. Sikuwa nikisikia mwanamke mzee anayeomba maji. Kwa kuwa neno lilikuwa limekaa mahali pa mtoto, ilikuwa kama mtoto mwenyewe ndiye anayeomba. Anasikia kiu. Anataka jua. Nyumba ilikuwa na mtu mdogo ndani yake, aliyeamka baada ya kulala muda mrefu, na alikuwa na mahitaji mengi. Nilianza kupeleka vikombe kwa haraka kuliko ilivyohitajika, ili anyamaze.

Baba alivumilia kwa kutoka. Wimbo ukianza, yeye huyo, na kofia yake, mvua au jua. Mpaka siku moja alipokuwa anakula, sahani mapajani, wimbo ukamkuta hana pa kukimbilia. Mama aliomba uji. Baba aliweka sahani chini.

"Mmeweka uji mahali pa mtoto wangu," aliniambia.

Sikuwahi kumsikia akisema "mtoto wangu" kwa mtu ambaye si sisi tulio hai.

"Nau, ni mazoezi. Daktari amesema…"

"Mtafutie wimbo mwingine."

"Hana mwingine."

"Nyimbo zote za kanisa, zote za mwethya, na wewe mwalimu wa nyimbo. Mtafutie."

Nilimtafutia, kwa heshima yake. Kwa siku kadhaa sikumpa mama ile noti ya chini. Nilimpa nyimbo za mavuno, nilimpa za Krismasi. Aliziguna zote bila maneno, akakataa kula, akarudi kwenye "na, na" na mkono wa kushoto dirishani. Alikuwa anafunga mlango mbele ya macho yangu. Basi nikampa wimbo wake, na nikamwambia baba, kwa sauti ambayo haifai kwa mzazi, kwamba kama anataka nyumba yenye kimya aseme tu, kimya kinakuja chenyewe, hakihitaji msaada wetu. Kuanzia hapo aliongea nami kuhusu mbuzi tu, na hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana.

Na lile neno moja bado hatukuwa nalo. Mama aliweza kuomba karibu kila kitu kilichomo nyumbani, lakini akishaketi dirishani mkono uliinuka vile vile. Nilijaribu kutia maneno ya shambani kwenye pengo. Mvua? Akafumba macho. Mahindi, mto, jembe, jirani? Alifumba macho. Nilimwambia yule msichana kwamba mama anataka kitu na mimi sina kwa kwenda.

Alifikiri kidogo. "Mwalimu, labda hilo neno huna wewe."

Nilikasirika. Kisha nilipanda kilima kurudi nyumbani na hasira ikapungua, ikabaki sentensi yenyewe.

Mvua zilikuwa zimechukua barabara na madaraja. Siku moja nilishuka Mitaboni kutafuta dawa za presha za mama, na kijito kikajaa nyuma yangu. Shangazi naye alikuwa ng'ambo, hakuweza kuvuka, na wadogo zangu walikuwa wametawanyika kwenye kazi na ndoa zao. Kwa hiyo nyumbani walibaki wawili peke yao, baba na mama, na mgonjwa wa namna ile huwezi kumwacha ukaenda kuangalia matuta. Nilikaa kwenye kibaraza cha duka nikitazama maji mekundu, nikawa nahesabu: sasa ameamka, sasa anataka maji, sasa ameanza kuimba, na baba hana kofia ya kukimbilia. Maji yalipopungua alasiri nilivuka nikiwa nimeshika viatu mkononi.

Mvua ilikuwa imekatika. Mabati yalikuwa yanadondosha matone ya mwisho. Nilipofika uani nikamsikia mama.

*Kuku wamelala, mbuzi wamelala…*

Pengo. Nilingoja maji, au blanketi. Hakutia kitu. Alianza tena, akafika pale pale, akasita. Niliona kupitia mlango: amekaa dirishani, na baba amekaa mbele yake kwenye kiti kidogo cha kukamulia ng'ombe, amemshika mkono wa kushoto. Sijui alijifunza lini. Labda zile siku alizokuwa akitoka hakuwa akienda mbali. Alikuwa anaugonga ule mkono taratibu, silabi kwa silabi, kama inavyotakiwa, machozi yakimshuka kwenye ndevu bila ya yeye kuyafuta.

Mama akaanza tena. Kuku. Mbuzi. Akafika kwenye pengo, akamtazama baba, akangoja.

Na baba akalitaja jina.

Sitaliandika. Lilikuwa jina la kawaida tu, la babu yangu, kama inavyopaswa kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Baba hajui kuimba. Alilisema kwa sauti mbovu, chini ya noti, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisikia mtu akikosea noti na sikutaka kumsahihisha.

Mama hakurudi mwanzo. Aliendelea. Wimbo ulikuwa na nusu ya pili ambayo hatukuwa tumeisikia, na akaiimba yote, bila kusita popote:

*Usingizi, mchukue. Umrudishe kukicha.*

Niliegemea ukuta.

Kisha mama akaondoa mkono wake mkononi mwa baba, akauinua, akaelekeza nje. Hakuimba. Alikusanya mdomo, akalisukuma neno kwa shida, likatoka kavu.

"Wapi?"

Ndilo alilokuwa nalo muda wote. Halikuwa jina la kitu, ndiyo maana hakuna kitu tulichomletea kilichofaa.

Baba alisimama. Akamwita Mama, na baada ya Mama hakuweka jina langu. Aliweka la yule mwingine. Kile cheo nilichotembea nacho maisha yangu yote kilirudi kwa mwenyewe, nami nikahisi wepesi fulani mabegani, na uchungu pamoja nao.

"Pale hakuna mwamba," baba akasema.

Nilielewa kabla hawajatoka mlangoni. Nilisogea wakapita, baba amemshika kwapani, mama akiburuta mguu wa kulia, fimbo ikizama kwenye tope. Niliwafuata kwa mbali kidogo. Waliteremka tuta la kwanza na la pili. Mvua ile ilikuwa imevunja matuta ya watu kilimani kote, na ya kwetu mawili ya chini ilikuwa imeyachukua, lakini lile la tatu, lililopinda, lilikuwa zima. Maji yalikuwa yamejaa kwenye mtaro wake na kuzunguka pindo, na katikati ya pindo palikuwa pakavu kiasi, pana nyasi fupi, padogo. Mtu angelala pale miguu yake ingetokeza nje. Mtu mzima, nasema.

Mama alipatazama kwa muda mrefu. Alitazama pindo, akageuka kutazama mahali juu kidogo ya pindo, na nikaona anakumbuka amesimama wapi siku ile, na majembe thelathini mbele yake.

"Niliimba," akasema. Neno likatoka kwa shida, bila wimbo. "Hapa. Niliimba."

"Uliimba," baba akasema. "Hakuwa ameimbiwa. Siku ya kumzika tulikuwa wanaume wanne na hakuna aliyefungua mdomo. Walipokuja kuchimba niliona wataimba wengine juu yake na wewe uko ndani." Alikohoa. "Ndiyo sababu nilikutoa jikoni."

Mama hakulia. Aliinama kadiri mwili ulivyomruhusu, akagusa nyasi kwa mkono wa kushoto, akasimama tena akimshikilia baba. Midomo yake ilianza kufanya kazi. Nilidhani anautafuta wimbo, na karibu nimpe ile noti ya chini.

"Muthokoi," akasema, neno kwa neno, "uliungua."

"Najua," baba akasema. "Nilisikia harufu yake."